Mkesha madoa wa Rondo na Pi Santez wa Shelisheli wote ni EN: viota vya mbao vitasaidia?

Mkorosho_Nyangao

Habari za jioni wakuu.

Kamati yetu ya maliasili ya kijiji, huku Lindi chini ya uwanda wa Rondo, inaandaa mpango wa mwaka ujao wa msitu wa kijiji. Kuna hoja mezani ya kutengeneza viota vya mbao 40 na kuvitundika kwa ajili ya ndege aitwaye mkesha madoa (Geokichla guttata). Waliotoa hoja wanasema Shelisheli kuna ndege anaitwa Pi Santez (Copsychus sechellarum), alikuwa karibu kwisha kabisa, wakamtundikia viota vya mbao na sasa yupo visiwa vitano. Kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN (shirika la kimataifa la uhifadhi) wote wawili wameandikwa EN, yaani walio hatarini kutoweka. Kwa hiyo, ugonjwa mmoja, dawa moja.

Naomba kueleweshwa:

1. Daraja likiwa moja, hatua za kumnusuru ndege nazo zinakuwa zilezile?
2. Hukohuko Shelisheli kuna ndege mdogo, Timerl Dezil (Acrocephalus sechellensis), aliyewahi kubaki 26 dunia nzima. Leo yeye ni NT (aliye karibu na hatari), daraja lenye unafuu kuliko la mkesha wetu. Inakuwaje?
3. Bajeti ni ndogo. Viota vikiondolewa kwenye mpango, fedha iende wapi kwanza?

Natanguliza shukrani.

Kigezo_C

Mkuu, naanza na namba 2 maana ndiyo inayofungua namba 1.

IUCN ina vigezo vitano, A mpaka E, na ndege akinaswa na kimoja tu anapata daraja. A ni kasi ya kupungua ndani ya miaka 10 au vizazi vitatu, ule muda ulio mrefu zaidi. B ni udogo wa eneo analoishi. C ni idadi ndogo ambayo bado inashuka. D ni idadi ndogo mno, hata kama haishuki. E ni makadirio ya kihesabu ya uwezekano wa kutoweka, na ni nadra kuona ndege amewekwa daraja kwa E.

Pi Santez anaangukia D. Chini ya ndege wakomavu 50 ni CR (hatarini mno), chini ya 250 ni EN, chini ya 1,000 ni VU (hatari ndogo kuliko EN). Alikuwa CR hadi 2005 ndipo akashushwa kuwa EN. Kwa hiyo EN yake ni ya ndege anayepona.

Mkesha madoa anaangukia C: wakomavu hawafiki 2,500, wanaendelea kupungua, na hakuna kundi hata moja lenye zaidi ya wakomavu 250. Soma hapo taratibu. Kwa idadi anamzidi Pi Santez mara kadhaa, ila amekatwakatwa vipande vipande kuanzia misitu ya pwani yetu hadi Afrika Kusini, na kila kipande ni kidogo. Herufi ni zilezile mbili, mwelekeo mmoja unapanda na mwingine unashuka.

Sasa Timerl Dezil. Mwaka 1968 walibaki 26, wote kwenye kisiwa cha Cousin, ambacho hakifiki hekta 35. Mwaka huohuo kisiwa kikanunuliwa na shirika ambalo leo linaitwa BirdLife International. Minazi ya mbata ikaachwa kuendelezwa na machipukizi yake yakaondolewa, miti ya asili ikarudi, hasa Pisonia, ambayo ndege huyu hudonoa wadudu upande wa chini wa majani yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Cousin ilikuwa imejaa, jozi mpya hazina pa kukaa. Wakaanza kuhamisha: ndege 29 kwenda Aride mwaka 1988, 29 kwenda Cousine mwaka 1990, 58 kwenda Denis mwaka 2004, na 59 kwenda Frégate mwaka 2011. Sasa wako visiwa vitano na hawapungui, kwa hiyo C haimshiki. Mwaka 2015 akawekwa NT. Hakupelekwa daraja la wasio na wasiwasi kwa sababu visiwa vyenyewe ni vidogo, na panya wakishuka kimoja mambo yanaweza kugeuka.

Nyongeza mbili kwa kamati. Kwanza, "wakomavu" maana yake ni wenye uwezo wa kuzaliana. Makinda na vijana hawahesabiwi, na hapa ndipo taarifa nyingi za vijiji huvimba. Pili, kushushwa daraja kuna kusubiri: ndege lazima awe ametoka kwenye kigezo cha juu kwa miaka mitano au zaidi. Kupandishwa hakuna kusubiri.

Mama_Mikindani

Kigezo_C kamaliza upande wa madaraja. Mimi nijibu la viota, kwa sababu hoja ya kamati imechukua kipande cha mwisho cha kazi ya Shelisheli na kuacha vilivyotangulia.

Pi Santez alimalizwa na paka na panya walioletwa na watu, pamoja na misitu ya visiwani kugeuzwa minazi ya mbata. Kufikia miaka ya 1960 alikuwa amebaki Frégate peke yake, ndege kama dazeni moja na ushei. Paka wa mwituni wa Frégate waliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mradi mkubwa ulipoanza mwaka 1990 ndege walikuwa ishirini na kitu tu.

Tazama maumbile yake. Anataga yai moja. Anazaa kwenye matundu ya miti na kwenye vilele vya minazi. Anakula chini, kwenye majani makavu: mende, jongoo, mijusi midogo, na samaki wanaodondoshwa na ndege wa baharini. Kisiwa kikishakuwa shamba la minazi, miti mikubwa yenye matundu haipo tena. Na tundu lililobaki linagombewa na kwezi wa Kiasia wanayemwita maina (Acridotheres tristis). Hapo kiota cha mbao kina maana, maana kinaziba pengo ambalo lipo kweli. Na hakikufanya kazi peke yake. Kulikuwa na kulishwa chakula cha ziada, kuondolewa maina, kupandwa miti ya asili, halafu kuhamishwa: Cousin na Cousine katikati ya miaka ya 1990, Aride mwaka 2002, Denis mwaka 2008.

Katikati ya hapo, mwaka 1995, panya wa kahawia wakaingia Frégate. Kuwatoa kulifanyika mwaka 2000 kwa chambo chenye sumu kilichomwagwa kwa helikopta, na Pi Santez wakakamatwa kwanza wakawekwa vizimbani mpaka sumu ipungue. Sababu ni moja: mende anakula chambo hafi, ndege anakula mende. Asiyejua mlolongo huo angewanusuru na panya akawaua yeye mwenyewe.

Sasa rudi Rondo. Mkesha madoa hazai tunduni. Anajenga kiota cha wazi, mfano wa kikombe, kwenye panda ya mti mchanga au kichaka, mita chache tu kutoka ardhini, anataga mayai mawili au matatu. Kiota cha mbao kwake hakina kazi yoyote. Watakaohamia ni nyuki, panya miti na pengine komba, na kuongeza idadi ya hao karibu na viota vya wazi si jambo la kulitafuta.

Kama wajumbe wanataka kusaidia ndege wa matunduni, Rondo kuna zuwakulu wa kijani ambaye jamii yake (Stactolaema olivacea hylophona) inajulikana kwa uwanda huo. Yeye huchimba tundu mwenyewe kwenye mti uliokauka na kuoza kidogo. Anachohitaji ni miti mikavu iachwe imesimama. Angalieni kanuni zenu za kuni na mkaa: nyingi zinaruhusu "miti iliyokufa" bila kikomo, kwa kuamini haina hasara. Wekeni sharti kwamba mti mkavu uliosimama wenye kipenyo kinachozidi sentimita 20 hauguswi, na kuni ziokotwe zilizo chini.

Kijana_wa_Chikongola

Shukrani Mama. Lakini kama panya ndio walioleta balaa kule, si tutege panya na huku? Sumu ya panya dukani siyo ghali.

Mama_Mikindani

Hapana mwanangu. Kisiwa kina ufuko. Ukishamaliza panya wa ndani, wa nje wanazuiwa na maji, na unabaki kukagua vyombo vinavyotia nanga. Rondo haina ufuko. Utaua wa hekta mbili leo, wa hekta ya tatu watajaza ndani ya wiki chache. Isitoshe panya wengi wa msituni huku ni wa asili, wanastahili kuwepo, na ni chakula cha bundi, nyoka na fungo. Sumu ikiingia kwenye panya inaishia kwa bundi.

Kwa wale wenye visiwa vidogo vya kwetu Mtwara ni habari nyingine. Kule kagueni magunia na vifurushi kabla havijapakiwa kwenye mashua, maana panya husafiri ndani ya mzigo. Na yeyote anayefikiria kuweka chambo kwenye kisiwa cha tropiki ajue kaa wa nchi kavu hukila chote usiku mmoja, sumu haiwadhuru, na panya wanabaki bila dozi. Ni moja ya sababu kubwa za kazi hizo kushindwa. Vyovyote, hiyo si kazi ya kamati ya kijiji bila wataalamu na vibali.

Mtego_wa_Picha

Kabla ya kujadili fedha iende wapi, mna uhakika mkesha yumo kwenye msitu wa kijiji? Kwamba amerekodiwa Rondo, hilo lipo kwenye maandishi. Msitu wenu unaopakana ni suala jingine.

Huyu ndege ni mgumu. Hasemi sana nje ya msimu wa kuzaa, anatembea kivulini, anapindua majani makavu akitafuta wadudu, minyoo na konokono, na akisikia mguu anasimama kimya. Ukipita njiani ukipiga gumzo utapita mita nne kutoka kwake. Alama zake: tumbo jeupe lenye madoa meusi makubwa ya mviringo, mistari miwili myeupe kwenye bawa, alama nyeusi usoni, miguu ya waridi iliyopauka. Kosa la kawaida ni kumwita mkesha kila kinda la kurumbiza, kwa sababu makinda ya jamii hiyo nayo yana madoadoa. Kinda lina madoa ya rangi ya mchanga mgongoni na mkia wenye wekundu. Mkesha madoa mgongo wake ni kahawia mtupu, hauna doa.

Msimu ni muhimu kuliko idadi ya siku. Ndege wa jamii ya pwani yetu huonekana Kenya, Arabuko-Sokoke na Gede, kuanzia Aprili hivi hadi Novemba, kisha huondoka. Inaaminika wanashuka kusini kuzaliana. Mkihesabu Julai tu mkakosa, msiandike "ametoweka". Fanyeni mara mbili: Januari hadi Machi, na tena Julai hadi Agosti.

Kamera za mtego, zinazojipiga picha zenyewe mnyama akipita, ndizo zinazofaa kuliko macho. Namna ya kufunga:

Chagua mahali penye majani makavu mengi na kivuli, mbali na njia ya watu. Funga kamera sentimita 25 hadi 30 kutoka ardhini. Wengi hufunga usawa wa goti au kiuno, kama wanavyofungia swala na nguruwe, na picha zinatoka tupu, ndege kapita chini ya jicho la kamera. Lenga kaskazini au kusini, jua la asubuhi likiingia kwenye lenzi linaunguza picha. Eneo la kulenga liwe mita 1.5 hadi 2.5 mbele. Kihisi kinafuata joto la mwili, na ndege mdogo akiwa mita nne joto lake halitoshi kukiamsha, hasa mchana ardhi ikiwa na joto karibu sawa na lake. Kata majani na nyasi zilizo mbele ya lenzi tu, usifagie ardhi, ukifagia umeondoa chakula kilichomleta. Weka picha tatu mfululizo kwa kila mshtuko, unyeti wa juu, bila muda wa kupumzika katikati.

Kati ya kamera na kamera acha walau mita 200, ili ndege mmoja asihesabiwe kwenye mbili. Acha kila moja siku 21 hadi 30. Betri zote ndani ya kamera ziwe za aina moja na za umri mmoja, ukichanganya mpya na kuukuu kamera inazima katikati ya wiki na hutajua. Tia ndani kipakiti cha silika cha kunyonya unyevu, masika ya Rondo hutia ukungu kwenye lenzi.

Kwenye daftari andika kila kituo: namba, GPS, tarehe ya kufunga, tarehe ya kutoa, siku ambazo kamera ilikuwa hai kweli, na matokeo. Kituo kilichokosa mkesha kiandikwe 0. Watu hutupa sifuri, halafu mwaka wa tatu hakuna anayeweza kusema kama ndege wamepungua au kamera zimeongezeka.

Msimwite kwa sauti iliyorekodiwa kwenye simu kila asubuhi. Dume linaacha kiota kuja kupigana na simu. Kukamata, kutia pete au utafiti rasmi kunahitaji vibali vya TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), na ndani ya hifadhi ya Rondo yenyewe muoneni mhifadhi wa TFS (wakala wa misitu) kwanza. Msitu wa kijiji uko chini ya serikali yenu ya kijiji, ila wapeni taarifa.

Mkorosho_Nyangao

Nimeelewa, viota 40 vinatoka. Bado namba 3. Tuseme mkesha amepatikana. Kinachomuua huku ni nini, na tunaanza wapi?

Doria_Litipo

Vitu vitatu, na nitavipanga kwa uzito ninaouona mimi.

Wa kwanza ni moto wa mashamba ya ufuta. Ufuta unatoa fedha taslimu na udongo wa msitu mpya unazaa vizuri misimu michache ya mwanzo, kwa hiyo shamba linahama. Watu wanafyeka na kuchoma Septemba hadi Novemba, upepo mkali, nyasi zimekauka. Moto wa chini ukipita msituni miti mikubwa inabaki imesimama na mgeni atasema msitu haujaungua. Ila majani makavu yamekwenda, na miti michanga ya kujengea kiota imekwenda. Kwa mkesha hapo hapakaliki.

Njia ya kuzuia moto iwe na upana wa mita 6 hadi 10, ifyekwe Mei au Juni wakati nyasi bado zina unyevu kidogo, halafu irudiwe Agosti, kwa sababu majani yanadondoka tena na kuijaza. Hapa kuna kosa nimeliona likisifiwa kwenye ripoti: njia inakatwa ndani ya msitu na majani yanafagiwa mpaka udongo mtupu. Kateni upande wa shamba, nje ya ukingo. Ndani ya msitu majani ndiyo meza yake ya chakula. Wenye mashamba yanayopakana waandikwe majina na tarehe ya kuchoma, wachome asubuhi mapema au jioni upepo ukitulia, kuanzia upande upepo unakoelekea ili moto utembee kinyume na upepo, na watu wa kamati wakiwepo.

Wa pili ni fito na boriti. Sheria ndogo nyingi zinalinda mvule na mninga, na mti wa unene wa kifundo cha mkono hauna mtetezi. Huo ndio mti anaojengea. Tengeni sehemu za kukata fito pembezoni, zikatwe kwa zamu kila sehemu ipumzike miaka kadhaa, na katikati ya msitu pabaki bila panga kabisa.

Wa tatu ni mitego. Kanga na kwale hutegwa kwa uzio mdogo wa matawi, urefu wa sentimita 30 hivi, unaopita msituni makumi ya mita na kuachiwa vijilango. Kwenye kila kijilango kuna tanzi la waya wa breki ya baiskeli au waya uliochomolewa kwenye tairi. Ndege yeyote anayetembea chini atafuata uzio mpaka kwenye tanzi, mkesha akiwemo. Doria nyingi hung'oa waya na kuondoka. Mtegaji anarudi na waya mpya kwa sababu kazi kubwa, ule uzio, mmemwachia. Vuteni uzio wote, matawi myatawanye, na mrudi sehemu hiyo ndani ya wiki mbili.

La pembeni: mkesha husafiri usiku, na Afrika Kusini wanajulikana kufa kwa kugonga vioo vya madirisha. Akiokotwa mfu chini ya dirisha la shule, zahanati au nyumba ya wageni, mpigeni picha ya tumbo, mgongo na bawa lililokunjuliwa pembeni ya rula, muandike tarehe na mahali. Rekodi moja ya namna hiyo inaweza kuonyesha njia yake ya kusafiri kuliko mwezi wa kutafuta.

Mkorosho_Nyangao

Asanteni sana. Swali dogo la mwisho kwa Mtego_wa_Picha: tunaweza kupata kamera mbili tu kwa kuanzia. Zina faida yoyote?

Mtego_wa_Picha

Zinayo. Chora vituo 8 kwenye ramani ya msitu sasa hivi, kabla hujajua wapi pana ndege, vitatu vikiwa ukingoni na vitano ndani. Zungusha kamera mbili kwenye vituo hivyo, siku 10 kila kimoja. Ni siku 40 kumaliza mzunguko, ukianza katikati ya Januari unakuwa umemaliza kabla masika hayajafunga njia. Siku 10 ni chache kuliko nilizosema juu, lakini kwa kutafuta yupo au hayupo nataka vituo vingi kuliko siku nyingi. Atakapoonekana, hapo ndipo uache kamera siku 30. Na nunueni memori kadi nne, mbili zikiwa kwenye kamera, nyingine mbili zinasomwa, vinginevyo mtafuta picha msituni ili kupata nafasi na kuna mtu atabonyeza kufuta zote.

Doria_Litipo

Na kwenye muhtasari wa kikao msifute tu mstari wa viota. Andikeni fedha ileile imehamia kazi gani: njia ya moto mara mbili, doria ya uzio, betri. Mstari ukibaki wazi, mwaka wa fedha ukiisha unahamishiwa kwenye samani za ofisi.